Paka Niliyempeleka Usagara

Vijana mkipita hapa barazani kwangu mnataka niwaambie habari za Uhuru: bendera ilipanda vipi, nani alilia, nani alicheza ngoma mpaka viatu vikakatika. Wapo wengi wa kuwasimulia hayo, na wana kumbukumbu nzuri kuliko mimi. Mwaka ule wa Uhuru mimi nilikuwa na paka moyoni. Msicheke. Mkae, niwaeleze.

Kazi yangu ilikuwa kushona magunia. Nimeifanya miaka ishirini na minne katika ghala moja hapa Mwanza, karibu na reli, mahali ambapo upepo wa ziwa ukivuma mchana unanuka samaki na mafuta ya treni kwa pamoja. Magunia yalirudi kutoka mashambani yakiwa yametoboka, nasi wanawake saba tulikaa chini kwenye mikeka, tukiyageuza, tukiyakung'uta, tukiyatia viraka. Chombo chetu kilikuwa shazia, ile sindano kubwa yenye ncha iliyopinda kidogo, na uzi wa katani tuliousugua kwa nta ili usikatike. Siku hizi nasikia kuna mashine inashona mdomo wa gunia kwa dakika moja. Vizuri. Lakini mashine haijui panya amepitia wapi. Sisi tulijua. Gunia lililotobolewa na msumari lina tundu la duara; lililoliwa na panya limechanika pembeni chini, na nyuzi zake zimekatwa kama kwa wembe. Ukiona matundu ya panya matatu kwa siku moja, huna kazi ya kushona tu, una vita.

Aliyenifundisha ni Bi Tatu. Alikuwa mtu mzima tayari nilipoingia pale, mzaliwa wa mji huu, baba yake akiwa Mmanyema aliyehamia kutoka Tabora na mama yake Mkerewe. Alikuwa mfupi, mwenye mikono migumu, na sauti. Jamani, ile sauti. Akikukemea upande huu wa ghala, wapagazi waliokuwa kwenye behewa huko nje waliweka mizigo chini wakidhani ni wao.

Wiki yangu ya kwanza nilitia kiraka kwa nje, kwa mishono mikubwa iliyopangika, nikajiona fundi. Mpagazi akalibeba lile gunia begani, kiraka kikaachia, mchele ukamwingia shingoni mpaka kiunoni. Bi Tatu alikitazama kiraka changu, akanitazama mimi.

"Mwajuma," alisema, "wewe umedarizi nguo ya bibi harusi. Mimi nataka gunia."

Tangu siku hiyo natia kiraka kwa ndani, mishono mifupi, uzi ukaze mpaka kidole kiume. Na mdomoni naacha masikio mawili ili mpagazi apate pa kushika. Hilo lichukueni hata kama hamtashona gunia maishani mwenu: kazi uifanyie yule atakayeibeba.

Sasa paka. Bi Tatu alimkuta ndani ya gunia tupu lililotoka Kisesa, mtoto mdogo wa kijivu, macho ndiyo kwanza yamefunguka. Akamlea kwa maziwa na kitambaa. Alipokua tukamwita Karani, kwa sababu kila asubuhi alipita kwenye marundo ya magunia moja baada ya jingine, anasimama, anatazama, ananusa, anaendelea, bila kubeba chochote. Karani mzee aliyekuwepo wakati huo alicheka sana aliposikia. Alisema paka anafanya kazi yake vizuri kuliko yeye.

Tulimtunza kwa utaratibu. Kati ya rundo na ukuta tuliacha nafasi ya bega moja, njia yake ya kupita. Asubuhi alipewa dagaa wachache tu. Ukimshibisha analala, ukimnyima anahama. Na jioni kabla ya kufunga tulimwaga majivu kidogo sakafuni, ili kesho yake tuone nyayo za panya zimetoka wapi, twende tukamwonyeshe.

Watu husema paka hana kumbukumbu ya mtu, anajua nyumba tu. Anayesema hivyo hajafanya kazi na paka. Tulikuwa na mpagazi mmoja, Lusesa, kijana wa utani mwingi, ambaye siku moja alimtupia Karani gunia lililolowa maji. Ilikuwa mara moja tu, kwa mchezo. Lusesa akaondoka kwenda kulima pamba kwao, akarudi baada ya misimu miwili akiwa na ndevu na mwili umejaa. Sisi wenyewe tulimtambua kwa shida. Alipofungua kinywa tu kutusalimia, Karani akashuka kwenye rundo, akatoka mlango wa nyuma, na hakurudi mpaka Lusesa alipokwenda zake. Ikawa hivyo kila siku aliyofanya kazi pale. Lusesa alijaribu kumpa samaki, alijaribu kumwita kwa upole. Hakusamehewa.

Kwa Bi Tatu ilikuwa tofauti. Mwaka mmoja alikwenda Tabora kwenye msiba wa baba yake, aliyekuwa amerudi huko uzeeni, akakaa miezi mitatu. Aliporudi, sote tulisimama kumpokea, na Karani akaja mpaka katikati ya ghala, akamtazama, kisha akageuka akakaa akimpa mgongo. Nusu siku nzima. Bi Tatu hakumgusa. Alikaa kwenye mkeka wake akashona. Baada ya adhuhuri paka akasogea kinyumenyume, hivi hivi, kama mtu anayejifanya hajui anakokwenda, kisha akachomeka kichwa kwapani mwa Bi Tatu akalala. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mbwa anakukumbuka kwa furaha, lakini paka anaanza kwa lawama.

Karani mzee alipostaafu, akaletwa Bwana Fidelis, kijana kutoka Bukoba, msomi, shati jeupe kila siku hata siku za vumbi la mtama. Hakuwa mtu mbaya, hilo mlijue mapema. Alikuwa mgeni, na mgeni kijana aliyepewa wanawake saba wakubwa kwake lazima akaze uso. Alikuja na njia mpya. Alitufundisha kupanga magunia kwa kuyapishanisha ili rundo lisianguke, na alikuwa sahihi. Alileta pia sumu ya panya, ya kopo.

Wiki yake ya pili, alikuwa anamtembeza tajiri wetu ghalani, wanazungumza mambo mazito, na Bi Tatu asijue wapo nyuma ya rundo. Sauti yake ikajaza jengo lote: "Karani, shuka huko juu, mwizi wa dagaa mkubwa wewe."

Tajiri alicheka mpaka akashika ukuta. Bwana Fidelis hakucheka. Tajiri alipoondoka, akaja akasimama mbele yetu.

"Kuanzia leo sitaki kusikia Karani katika ghala hili," alisema. "Karani ni mmoja tu, na ni mimi. Mmeelewa?"

"Tumeelewa, bwana."

Kisha, kwa kuwa mimi nilikuwa karibu na mlango, akanitazama. "Dada, hilo jambo ulishughulikie wewe."

Ninyi mnaosikia leo mnaweza kuona alichosema. Mimi sikukiona. Wakati huo mume wangu alikuwa nyumbani, amevunjika mguu alipokuwa akipakua meli, nami nina watoto wawili wadogo. Tulikula kwa shazia yangu. Nilisikia kwamba bwana mpya hataki paka na amenipa mimi kazi ya kumwondoa, na kwamba nisipomwondoa nitaondoka mimi. Sikuuliza. Ningeuliza neno moja tu, habari hii isingekuwepo.

Kesho yake mchana kulikuwa na lori linakwenda Usagara, hapo nje ya mji, kuchukua pamba. Usagara anaishi shangazi yangu Milembe. Nilisema shangazi anaumwa, nikaomba ruhusa. Bi Tatu alikuwa ametoka kwenda kuswali, na wenzetu wamekwenda kula. Nikachukua gunia zima, nikalifungua mdomo, nikaliweka chini. Sikumkamata. Karani aliingia mwenyewe. Alizoea kulala ndani ya magunia yetu tukiwa tunashona, na mimi alikuwa ananijua kwa miaka sita. Aliingia, akajizungusha, akakaa. Ndipo nikafunga mdomo kwa uzi.

Alilia mpaka tulipopita Butimba.

Asubuhi iliyofuata Bi Tatu akaniuliza, "Mwajuma, umemwona Karani?"

"Sijamwona, Bi Tatu."

Neno dogo. Nilifikiri nitamwambia kesho yake, bwana karani akiwa mbali. Kesho ikawa wiki. Bi Tatu alikuwa akifika mapema kuliko sote, tunamkuta amepiga magoti nyuma ya marundo, anapapasa. Nilidhani anatafuta shazia iliyomdondoka, maana macho yake yalikuwa yameanza kupata ukungu. Baadaye akaacha kupapasa. Baadaye zaidi nikaona haongei sana, na ile sauti yake ikawa ndogo, mpaka wapagazi wakawa wanamuuliza kama ana mafua.

Shangazi Milembe alinitumia salamu mara moja kupitia dereva: paka amezoea. Kisha ukaja ukame, watu wakawa na shida zao, sikusikia tena. Ghalani sumu ilifanya kazi miezi michache, halafu panya wakaijua. Wakawa wanakula kila kitu isipokuwa ile sumu. Matundu matano kwa siku, saba kwa siku. Mwaka ukapita hivyo, na zaidi ya mwaka.

Mwisho wa mwaka wa Uhuru mvua ilinyesha kama iliyosahau kuacha. Ziwa lilipanda mpaka likalamba mawe ambayo hatukuwahi kuyaona yamelowa. Mjini watu walikuwa wanapaka kuta chokaa kwa ajili ya sherehe, na mvua inaifua chokaa, na wanapaka tena. Siku hizo Bi Tatu akaugua kifua. Alikosa kazini siku nne, yeye ambaye hajawahi kukosa. Ijumaa mchana nikaenda kumwona. Alikaa chumba kimoja nyuma ya soko, na jirani yake, Mama Anyango, mjane wa Kijaluo, ndiye alikuwa anampikia uji.

Nilimkuta amelala ubavu, amekuwa mdogo kama mtoto.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikakaa. Tukaongea habari za kazi, za mvua. Kisha akaugeukia ukuta, akawa anauambia huo.

"Mwajuma, mikono hii imeua kiumbe."

Nilidhani homa imempanda. "Usiseme hivyo, Bi Tatu."

"Yule kijana alinipa kopo la sumu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wenu. Akaniambia niiweke nyuma ya marundo jioni. Nikaona panya hawataigusa ikiwa tupu." Akakohoa, akasubiri pumzi irudi. "Nikaichanganya na dagaa. Mtu mzima mimi, Mwajuma, nikaichanganya na dagaa. Kesho yake Karani hakuonekana. Nimemtafuta hata mzoga nimzike, sikuupata. Nimemlea mwenyewe, nikamlisha sumu mwenyewe. Nikilala nawaza nitamjibu nini Mungu."

Sijui kama mmewahi kukaa kwenye kigoda na kigoda kikawa kama hakipo. Zaidi ya mwaka mzima yule mama alikuwa amebeba kitu ambacho mimi ningemwondolea kwa neno moja. Nilitaka kulisema pale pale. Mdomo ukafunguka, lakini nikaogopa. Nikawaza: nikimwambia paka yu hai, na kumbe alishakufa huko Usagara? Nitakuwa nimemuua mara mbili. Nikamwombea afya, nikatoka.

Kesho yake Jumamosi nilikwenda kwanza kwa Bwana Fidelis. Nilitaka, hata kama naona aibu kusema, awe mkosaji pamoja nami. Nilimkuta ofisini anavua viatu vilivyojaa maji.

"Bwana, naomba ruhusa nimrudishe yule paka."

"Paka gani?"

"Yule uliyesema aondoke."

Alishika kiatu hewani. "Dada Mwajuma, mimi sijawahi kusema paka aondoke. Nilisema sitaki kusikia jina. Nilikuambia uwaambie wenzako wamwite jina jingine." Akaweka kiatu chini. "Mimi nilidhani amekufa. Nilikuwa namwekea mifupa ya samaki pale dirishani, mchana mkienda kula. Nilisikitika, lakini nikaona nikiuliza mtanicheka."

Basi hapakuwa na amri. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilibaki mimi peke yangu na gunia langu. Naye alifanya jambo ambalo sijalisahau: alitoka na viatu vyenye maji, akasimamisha lori lililokuwa linaelekea Usagara, akamwambia dereva anipakie mbele.

Na mimi, fundi mwenye akili, nilikwenda nimebeba nini? Gunia.

Shangazi Milembe alikuwa uani anapembua mtama. Hata sikumaliza kumsalimia.

"Shikamoo shangazi, yule paka yupo?"

"Malahaba. Kalani wenu? Atakwenda wapi," alisema, kwa ile lugha yake ambayo haina haja ya r. "Ameshazaa mala mbili. Anakamata panya wangu na wa jilani. Yule pale."

Alikuwa amelala juani chini ya kihenge cha nafaka, mnene, wa kijivu vile vile. Nikamwita. Akainua kichwa, akanitazama, kisha akatazama mkono wangu. Akaruka juu ya kihenge, na kutoka kihengeni mpaka juu ya paa, na huko akakaa amejikunja, masikio nyuma.

Nikamwambia shangazi, "Amenisahau."

Shangazi alicheka mpaka ungo ukamwaga mtama. "Amekusahau? Wageni wote wa nyumba hii anawaendea kuwanusa miguu. Wewe tu ndiye amekukimbia. Anakukumbuka vizuli sana, mwanangu. Na huo mzigo wako ni nini?"

Nikaangalia gunia mkononi mwangu. Nikaenda kulitupa nyuma ya nyumba, nikarudi nikakaa chini uani kama mtu aliyefika kushtakiwa. Sikumwita tena. Nilikumbuka jinsi Bi Tatu alivyokaa siku ile aliyotoka Tabora. Shangazi akanipa mtama nipembue, nikapembua. Alasiri nikasikia kishindo kidogo nyuma yangu. Sikugeuka. Baada ya muda nikamwona ameketi hatua mbili mbele yangu, amenipa mgongo, mkia unapiga chini. Nikafurahi kuuona ule mgongo kuliko nilivyowahi kufurahia uso wa mtu.

Nililala pale. Asubuhi nikamkuta kwenye ncha ya kanga yangu. Hakulala kwenye mapaja, hapana, kwenye ncha tu, mahali ambapo anaweza kuondoka akitaka. Shangazi akanipa tenga, nikamweka humo bila kufunga kifuniko. Njia nzima mkono wangu ulikuwa juu yake na macho yake yalikuwa nje, anatazama njia. Nilimwacha aione. Watoto wake wa mwisho walikuwa wameshakua, shangazi akabaki nao wawili, msije mkanihukumu na kwa hilo.

Lori lilikwama kwenye matope mara mbili, kwa hiyo tulifika mjini adhuhuri imeshapita. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya soko. Bi Tatu alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta. Nikamwekea paka mapajani bila kusema neno, kwa sababu nilitaka paka aseme badala yangu. Ndivyo waoga tulivyo.

Karani alikakamaa. Chumba kilinuka dawa ya kupaka na moshi, na yule mama mwenyewe hakuwa na harufu ya magunia tena. Bi Tatu alimpapasa mgongo mara moja, na paka akateleza mikononi mwake akaingia chini ya kitanda, kule mwisho kabisa.

Bi Tatu alitabasamu, tabasamu la kumwonea mtu huruma.

"Asante, mwanangu. Umeona nina huzuni ukaenda kunitafutia mwingine wa kijivu. Lakini mrudishe sokoni. Macho yangu hayaoni, moyo bado unaona."

"Ni yeye, Bi Tatu."

"Angekuwa yeye angenijua."

Sasa ilibidi niseme. Nilipiga magoti pale sakafuni nikasema yote: amri niliyoisikia vibaya, lori, shangazi, gunia, jinsi alivyoingia mwenyewe. Nikasema hakula sumu, siku ile hakuwepo ghalani. Nikasema aliponiuliza asubuhi ile nilidanganya, na kila asubuhi nilipomwona amepiga magoti nilikuwa nadanganya tena kwa kunyamaza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaona kifua chake kinapanda.

"Mwajuma," alisema, na jina langu lilitoka likiwa dogo. "Mwajuma." La pili likawa kubwa. "Wewe. Nilikufundisha kushika shazia, wewe. Nimetambaa chini ya yale marundo kama mwendawazimu, na wewe umekaa pale unasugua uzi wako kwa nta, unanitazama? Mwaka mzima? Ulikuwa na ulimi au ulikuwa na kiraka?"

Ilikuwa ile sauti. Ilirudi yote, kutoka sijui wapi, ikapiga bati la juu. Sufuria za Mama Anyango zilisikika zikiwekwa chini huko ng'ambo ya ukuta. Nami niliinamisha kichwa, maana nilistahili, akaendelea, akanitaja mimi na gunia langu na uoga wangu.

Ndipo nikaona kitu cha kijivu kinatoka chini ya kitanda.

Alisimama katikati ya chumba, masikio mbele, anamtazama. Bi Tatu hakumwona, alikuwa bado ananikemea. Paka akapanda kitandani, hakunusa, hakusitasita. Akapita juu ya miguu yake, juu ya blanketi, akachomeka kichwa kwapani mwake, akasukuma mpaka mkono ukainuka, akajiweka.

Bi Tatu alinyamaza katikati ya neno. Mkono ulibaki juu. Kisha ukashuka polepole, ukashika kichwa, ukashika shingo, ukatulia.

"Huyu," alisema. "Huyu alikuwa anapenda nikigomba."

"Ndiyo."

"Kumbe sikumuua."

"Hukumuua, Bi Tatu."

"Na ile sumu?"

"Iliua panya tu."

"Panya tu," alisema. Akarudia, "Panya tu," kama anayejaribu kiatu. Halafu akaanza kulia, kwa sauti ile ile kubwa, na mimi nikalia pamoja naye pale sakafuni, na nilipoinua uso nikamwona analia na kucheka kwa pamoja, kikohozi kikimkatiza, na paka hajajisogeza hata kidogo.

Mama Anyango aliingia anakimbia, mwiko mkononi, kanga imemfunguka begani. Nyuma yake kulikuwa na majirani wengine wawili wamesimama mlangoni, mmoja ameshajishika kichwa. Mtu akisikia kilio kwenye chumba cha mgonjwa anajua maana yake.

"Nini?" aliuliza. "Nani amekufa?"

Nikajifuta uso. Nikataka kumjibu vizuri, kwa adabu, lakini maneno yaliyotoka ni haya tu.

"Hakuna aliyekufa," nilisema. Nikaona yananoga mdomoni. Nikawageukia na wale wa mlangoni, nikawaambia na wao. "Hakuna aliyekufa."